Panya 2,300 Daftarini: Uchambuzi wa Kisa cha Ghala la West Memphis

Januari 2022 wakaguzi wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, waliingia katika ghala la kampuni ya maduka ya Family Dollar mjini West Memphis, jimbo la Arkansas. Kilichowapeleka ni malalamiko ya mlaji. Ndani walikuta panya hai, panya waliokufa na wengine kuoza, kinyesi, mkojo, vitu vilivyotafunwa, viota, na ndege waliokufa. Ghala lilipopigwa fumigesheni, yaani kufukizwa kwa gesi ya sumu, mwezi huohuo, FDA walisema waliokotwa panya zaidi ya 1,100. Waendesha mashtaka baadaye walitaja 1,270.

Hayo ndiyo yaliyozunguka kwenye vyombo vya habari. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandaa nyaraka za ukaguzi, uzito uko kwenye sentensi nyingine ya taarifa ya FDA ya 18 Februari 2022: kumbukumbu za ndani za kampuni zilionyesha kuwa kati ya 29 Machi na 17 Septemba 2021 walikusanywa panya zaidi ya 2,300. Namba hiyo haikuhesabiwa na mkaguzi. Ilikuwa kwenye makaratasi ya mwenye ghala, imekaa miezi kadhaa kabla mkaguzi hajapiga hodi.

Wengi wetu huliandaa faili la wadudu na panya kama mtu anayefuata cheti cha tabia njema polisi: kila kisanduku sifuri, kila ukurasa tiki, kila ripoti ya fundi wa kudhibiti wadudu na panya imeandikwa "hali nzuri". Mimi nalisoma faili hilo kama daftari la maamuzi. Panya kuingia ghalani ni jambo linalotokea hata kwa mwenye bidii. Mkaguzi anachotaka kujua ni nani alimwona, alimwambia nani, na huyo aliyeambiwa akaamua nini. West Memphis inafaa kuchambuliwa kwa sababu sehemu ya kwanza ilikuwepo. Panya walionekana, wakakusanywa, wakahesabiwa. Malori yakaendelea kupakia.

Mtiririko wa mambo

Kesi ya jinai iliisha 26 Februari 2024 kampuni ilipokiri kosa, na katika kukiri huko tarehe ziliwekwa wazi. Agosti 2020 kampuni ilianza kupokea taarifa za panya na wadudu kwenye mizigo iliyopelekwa madukani. Kufikia mwisho wa mwaka huo baadhi ya maduka yalikuwa yameripoti kupokea panya wenyewe pamoja na bidhaa zilizoharibiwa na panya. Kampuni ilikubali kwamba, si baadaye ya Januari 2021, baadhi ya wafanyakazi wake walishajua kuwa hali ya ghala inachafua bidhaa. Usafirishaji uliendelea hadi Januari 2022, FDA walipofika.

Maduka 404 katika majimbo sita, Alabama, Arkansas, Louisiana, Mississippi, Missouri na Tennessee, yalifungwa kwa muda. Ghala lenyewe nalo likafungwa mwaka 2022. Adhabu ilikuwa faini ya dola 200,000 na kutaifishwa dola milioni 41.475, jumla dola milioni 41.675. Wizara ya Sheria ya Marekani ilisema hiyo ni adhabu kubwa kuliko zote za fedha zilizowahi kutolewa katika kesi ya jinai ya usalama wa chakula nchini humo. Na kosa lenyewe, kwa daraja la sheria za huko, lilikuwa kosa dogo.

Hesabu bila kikomo

Kutoka 29 Machi hadi 17 Septemba ni siku 172. Ukigawa 2,300 unapata panya zaidi ya 13 kila siku, Jumapili zikiwemo. Katika ghala la chakula, mtego mmoja wa ndani ukinasa panya mmoja inatosha kufungua fomu ya hatua ya marekebisho. Kwa 13 kwa siku hakuna tena cha kujadili kuhusu mitego. Kinachojadiliwa ni jengo, milango, mizigo inayoingia, na kama ghala linastahili kuendelea kutoa bidhaa wiki hiyo.

Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba wiki tatu tu, huzaa watoto watano au sita na zaidi, na watoto hao huweza kuzaa wakiwa na umri wa wiki sita hivi. Tundu linalopitisha penseli humtosha kupita. Ndiyo maana kukusanya mizoga, hata kwa maelfu, kunaweza kwenda sambamba na kundi linaloongezeka. West Memphis ilikusanya 2,300 kufikia Septemba, na miezi minne baadaye fumigesheni ikatoa zaidi ya elfu moja wengine. Mtego unapunguza leo. Tundu lisipozibwa na chakula kilichomwagika kisipofagiliwa, kesho wanarudi.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ninaoutafuta kwenye faili lolote ni ule wa vikomo, na mara nyingi haupo. Uwe umeandikwa kabla ya tatizo, uwe na sahihi ya mwenye mamlaka, na useme waziwazi: ikinaswa panya mmoja ndani, meneja ubora ajulishwe siku hiyohiyo na eneo likaguliwe upya ndani ya saa fulani, wakinaswa watatu kwa wiki katika eneo moja, bidhaa za eneo hilo zisimame na fundi aitwe nje ya ratiba, ikifika kiwango fulani, ghala lisitoe mzigo hadi mkurugenzi aamue kwa maandishi. Namba zenyewe kila mahali pana zake, kwa sababu kinu cha unga kando ya mashamba ya mpunga hakifanani na ghala la maji ya chupa katikati ya mji. Lakini bila kikomo, fundi anaandika 4, wiki ijayo 9, ijayo 17, na kila aliyepokea ripoti anaamini kuna mwingine anayeshughulika.

Wanaofanya kazi na BRCGS toleo la 9, kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula ambacho kampuni hukaguliwa ili kupata cheti, watakumbuka kifungu 4.14 cha udhibiti wa wadudu na panya: kinataka mwenendo wa matokeo uchambuliwe angalau mara moja kwa mwaka, na pia inapotokea uvamizi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Grafu nzuri ya Desemba haimsaidii mtu aliyevamiwa Aprili.

Malalamiko ya maduka ni nyaraka za panya

Maduka yalianza kusema Agosti 2020. Kipindi kile cha hesabu ya 2,300 kinaanza 29 Machi 2021, miezi saba baadaye. Hapa ndipo kisa hiki kinapogusa karibu kila kampuni ninayoifahamu. Malalamiko ya wateja hukaa idara ya mauzo. Mizigo iliyorudishwa hukaa kwa mtu wa stoo. Faili la panya liko kabatini kwa mtu wa ubora, ndani yake ripoti za kampuni ya dawa za wadudu na panya peke yake. Idara tatu zinamjua panya mmoja na hazijawahi kukaa meza moja.

Angalia hati za kurudisha mizigo za ghala lolote la unga au biskuti. Utakuta zimeandikwa "imechanika". Imechanika kwa nini? Forklifti? Utingo aliyeiburuta? Au meno? Mwenye duka alijua, na pengine alimwambia dereva kwa mdomo, lakini fomu ilikuwa na nafasi ya neno moja. Kuandaa nyaraka kabla ya ukaguzi kuanzie hapo: ongeza kwenye fomu ya kurudisha mzigo mstari wa sababu, "alama za meno, kinyesi, mdudu hai, utando", kisha nakala ya kila fomu yenye alama hizo iingie faili la panya ndani ya wiki.

Mkaguzi mzoefu hufanya kazi hiyo kinyumenyume. Huchukua lalamiko moja la mteja, anatazama tarehe, halafu anaomba ripoti ya fundi ya wiki hiyohiyo. Ikiwa lalamiko linasema panya na ripoti inasema hali nzuri, hahitaji kutafuta zaidi.

Sheria haisubiri mgonjwa

Wapo watakaosema kuwa hakuna aliyethibitika kuugua. Ni kweli kwamba bidhaa zilipotangazwa kuondolewa sokoni, kampuni ilisema haina taarifa ya ugonjwa wowote uliohusishwa nazo. Haikuwasaidia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 ya chakula, dawa na vipodozi inahesabu chakula kuwa kimechafuka kikihifadhiwa katika mazingira machafu ambamo *huenda* kimepata uchafu. Mwendesha mashtaka hana haja ya kuleta mahakamani mtu aliyeugua kwa bakteria wa salmonela. Anahitaji kuonyesha hali ya ghala, na hali ya ghala imeandikwa kwenye kumbukumbu za ghala.

Sheria hiyo ina historia yake na panya. Mwaka 1970 FDA walimwandikia John Park, rais wa kampuni ya Acme Markets iliyokuwa na maduka 874 na wafanyakazi wapatao 36,000, kuhusu uchafu katika ghala la Philadelphia. Mwishoni mwa 1971 wakakuta panya katika ghala lao jingine, Baltimore. Januari 1972 barua nyingine ikaenda. Machi wakarudi na, ingawa kulikuwa na nafuu, dalili za panya bado zilikuwepo. Park alijitetea kwamba aliwakabidhi kazi wasaidizi wanaoaminika. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilishikilia hatia yake. Faini ilikuwa dola 250, kiasi cha kuchekesha, lakini kanuni iliyobaki haichekeshi: mwenye madaraka ya kuzuia au kurekebisha hawezi kujificha nyuma ya aliyemtuma. Barua ile ya Philadelphia ilitumika kuonyesha kwamba alishajua mfumo wake wa usafi una kasoro, na bado akawategemea walewale.

Nalileta hili kwa sababu moja ya kazi. Kwenye mafaili mengi sahihi ya juu kabisa ni ya msimamizi wa stoo. Mkurugenzi haonekani popote, na watu wa ubora hudhani wanamlinda. Mimi ningependa sahihi yake ionekane angalau kwenye kikao cha mapitio cha kila robo mwaka, na kwenye kila ombi la fedha za kuziba milango, liwe limekubaliwa au limekataliwa. Akikataa, aandike sababu.

Waraka wa bidhaa

Bidhaa zilizoguswa na tangazo la 2022 zilijumuisha chakula cha watu, chakula cha wanyama, vipodozi, vifaa tiba na dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari, zote zilizopita ghala hilo tangu 1 Januari 2021. Zaidi ya mwaka mzima wa mizigo. Hazikuguswa zile zilizopelekwa madukani moja kwa moja na watengenezaji au wasambazaji, kama vile vyakula vya barafu na vya friji. Njia yake ilikuwa nyingine, na njia hiyo iliweza kuonyeshwa.

Hapo ndipo faida ya makaratasi mazuri inapoonekana kwa pesa. Fomu ya hatua ya marekebisho nyingi zinaishia "mtego umeongezwa, fundi amearifiwa". Haziulizi kilichokuwa kwenye rafu. Palipopatikana kinyesi, palikuwa na bidhaa gani, namba gani za shehena, zimezuiwa wapi, nani alizikagua, zipi zilitupwa na zipi ziliachiliwa kwa kigezo gani? Mwenye majibu hayo anaweza kusema shehena hizi kumi na mbili na si nyingine. Asiye nayo anarudisha kila kitu, kwa sababu hana cha kutenganishia katoni safi na chafu.

Kuliandaa faili lenyewe

Kabla ya wiki ya ukaguzi, tembea na ramani mkononi. Ramani ya visanduku vya chambo na mitego ndiyo karatasi inayodanganya kirahisi kuliko zote, kwa sababu ilichorwa siku mkataba uliposainiwa. Tangu hapo ukuta umevunjwa, godoro za mbao zimepangwa mbele ya kisanduku namba 14, na namba 22 imegongwa na lori, haipo. Ripoti za kila mwezi bado zinasema namba 22 "imekaguliwa, chambo hakijaliwa". Ukurasa mmoja wa namna hiyo unaua uaminifu wa faili zima, na ni haki uue. Rekebisha ramani, iandike tarehe na toleo, ya zamani iweke nyuma bila kuitupa.

Dawa nazo: orodha ya zinazotumika iwe na jina, kiambato amilifu (kile kinachoua), lebo, na karatasi ya usalama ya kila moja. Kwa Tanzania kiuatilifu kiwe kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na usajili uwe hai. Fundi anayekuja awe na cheti chake, si cha mwenzake aliyeacha kazi. Sumu ya panya haikai ndani ya eneo la uzalishaji au hifadhi lenye bidhaa wazi, isipokuwa kwa kutibu uvamizi uliopo, na hapo pia kwa maandishi yanayosema itaondolewa lini. Palipofukizwa kwa vidonge vinavyotoa gesi ya sumu ya fosfini, jambo la kawaida kwenye maghala ya mahindi, cheti kieleze kipimo kilichotumika, muda wa kufunika, na kipimo cha gesi kabla watu hawajaruhusiwa kuingia. Cheti kinachosema tu "fumigesheni imefanyika" ni risiti.

Halafu mapendekezo ya fundi. Hili ndilo eneo lenye dosari nyingi kuliko yote, na ndilo linalofanana zaidi na West Memphis kwa tabia hata pale idadi ya panya ni mbili. Kona ya chini ya ripoti fundi ameandika: "Mlango wa kupakia namba 3 una uwazi chini, uzibwe." Februari ameandika. Machi ameandika. Juni bado anaandika, mwandiko ukizidi kuwa mfupi: "Mlango 3." Mteja alitia sahihi kila mwezi. Sahihi hiyo mteja huiona kama uthibitisho kwamba fundi alifika; mkaguzi huiona kama uthibitisho kwamba mteja alijua. Fungua daftari la mapendekezo: namba, tarehe, mhusika, tarehe ya mwisho, tarehe iliyofungwa, picha ya kabla na baada. Kama fedha hazijapatikana, andika hivyo, na uandike kinachofanyika kwa muda, mathalani ubao chini ya mlango kila jioni, na nani anaukagua.

Sifuri za mwaka mzima nazo zinatia shaka. Visanduku vya nje vilivyozunguka kiwanda cha chakula katika mji wa joto, karibu na mtaro, haviwezi kukaa miezi kumi na miwili bila hata konokono kuonja chambo. Mkaguzi akiona hivyo anaomba kufunguliwa visanduku vitatu anavyochagua mwenyewe. Akikuta chambo kimeota ukungu na buibui amejenga, amejua kwamba aliyetia tiki hakuinama.

Usiku wa kuamkia ukaguzi ndipo watu hufanya jambo baya kuliko panya. Kalamu moja, mwandiko mmoja, karatasi za miezi sita zisizo na mkunjo wala vumbi. Wakaguzi wameshaona hayo mara nyingi mno, na dosari ya panya ambayo ingefungwa kwa mlango wa mpira hugeuka kuwa kughushi kumbukumbu, ambako cheti hupotea siku hiyo.

Jaribio ninalolipendekeza ni fupi. Chagua namba moja isiyo sifuri katika miezi sita iliyopita, mpe mtu asiyelijua faili, na umwombe afuate njia yake: kisanduku kwenye ramani, ripoti ya fundi, taarifa kwa meneja, uamuzi kuhusu bidhaa, marekebisho ya jengo, ukaguzi wa kurudia, na malalamiko ya wateja ya kipindi hicho. Mahali njia itakapokatika, usiirudishie tarehe ya zamani. Andika kwa tarehe ya leo kwamba kumbukumbu fulani haikufanywa, kilichojulikana wakati ule, kilichokaguliwa sasa, na hatua iliyochukuliwa. Utie sahihi, na mkurugenzi atie yake.